Meza ya Nne

Kutaisi, Februari, ukumbi wa kiwanda cha nguo kilichofungwa.
Mabomba ya joto yanakoroma na hayapashi kitu.
Tumecheza na makoti mabegani,
na mwamuzi anapita kati ya meza kwa soksi za sufu
ili viatu vyake visitutoe mawazoni.

Mimi nilikwisha kushindwa saa nane na robo.
Mwendo wa kumi na tisa: farasi wangu
nilimpeleka malishoni mwa watu, akaliwa.
Nikatia sahihi karatasi,
nikanywa chai yenye jemu ya cheri,
nikasimama nyuma ya kamba.

Mzevinar, meza ya kwanza, sare.
Tsiuri, meza ya tatu, alishinda na kwenda kuvuta sigara.
Zestaponi moja na nusu, Poti moja na nusu,
kombe moja la bati mezani kwa mwamuzi,
na mchezo mmoja uliobaki.

Meza ya nne humweka Lamzira.
Miaka hamsini na minne, muuza dawa,
vidole vilivyozoea kuhesabu vidonge
viwili viwili juu ya kioo.
Mbele yake Anano wa Poti, miaka kumi na mitano,
kucha amezitafuna hadi kwenye nyama,
mikono ameikalia
kama mtu anayezuia mbwa wawili.

Kete iendayo mshazari wengine huiita askofu.
Sisi huiita kobe,
na sijui nani alitudanganya,
maana kobe wa binti yule
alikata ubao kutoka pembe hadi pembe kama wembe.
Lamzira alikuwa na farasi na askari wawili.
Anano, kobe na askari mmoja,
na sekunde arubaini na moja.

Akacheza. Mwendo mzuri, wa pekee uliokuwapo.
Akarudisha mkono chini ya paja
na hakubonyeza saa.

Niliona. Lamzira aliona.
Thelathini na nane.
Binti ameutumbulia macho ubao,
anadhani zamu si yake.
Thelathini na tatu.
Sheria haimlazimishi mtu kusema.
Subira huvuta heri, nikamwambia kimoyomoyo,
kaa hivyo hivyo, mama, usipige hata chafya,
heri inakuja yenyewe, inadondoka tone kwa tone
kama maji ya bomba lile pembeni.
Ishirini na sita.
Lamzira akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya skafu.
Akaivaa.
Kumi na tisa.

Akanyoosha kidole kimoja,
kidole cha kuhesabia,
akaielekeza saa.
“Mwanangu,” akasema, “bado inakula yako.”

Anano akashtuka, akaipiga saa kwa kiganja kizima
hadi kete zikatetemeka.

Miendo kumi na miwili baadaye
kobe alijitoa mhanga kwa askari wetu wa mwisho.
Wakabaki wafalme wawili na farasi mmoja,
na farasi peke yake haui.
Wakapeana mikono.
Mbili kwa mbili.

Basi la kurudi lilikuwa na harufu ya dizeli na vitunguu.
Nilimkasirikia Lamzira kimya kimya
kilomita baada ya kilomita, kwa bidii,
kama mtu anayesuka mkeka.
Timu zikilingana, huangaliwa meza:
ushindi wa meza ya pili una uzito
kuliko ushindi wa meza ya tatu.
Ndivyo Poti walivyolibeba kombe.
Meza ya pili ni yangu.
Nililijua hilo tangu ukumbini
na nilikuwa nalipisha njia, lipite.

Moshi wa kiwanda cha chuma ulipoanza kuonekana
nilichora miraba kwenye ukungu wa dirisha,
kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda.
Lamzira alikuwa amefumba macho,
mkate wa jibini magotini, umefungwa kwa gazeti.
“Kumi na tisa,” akasema bila kuyafumbua.
“Ungemrudisha tu nyumbani.”

Kumbe aliniona, kutoka meza ya nne,
katikati ya vita yake.

“Najua,” nikasema. “Nimegee mkate.”